Nyuzi Mbili Zinatosha

Ukichana waya wa chaji wa zile simu za zamani kidogo, utakuta ndani yake nyuzi nne nyembamba kama tambi: nyekundu, nyeusi, kijani na nyeupe. Nyekundu na nyeusi zinabeba umeme. Kijani na nyeupe zinabeba habari, yaani picha, nyimbo, sauti, chochote ambacho simu inataka kuiambia kompyuta. Hilo nimelijua tangu wiki yangu ya kwanza katika karakana ya Gikondo, ambako nimekaa miaka kumi na moja nikitengeneza nyaya na chaja, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wa gereji. Ndiyo maana aibu ya habari hii ni yangu mwenyewe na simgawii mtu.

Waya hufa shingoni, pale unapoingia kwenye kichwa cha chuma. Watu wanaongea huku simu ikiwa kwenye chaji, wanaukunja, wanauvuta, wanaulalia, kisha wanakuja kwangu wakiapa kwamba hawajaugusa. Mimi nakata shingo iliyooza, nachuna nyuzi, naunga, nalehemu, halafu navisha mpira mweusi unaobana ukipashwa moto. Tajiri wangu, ambaye sote tunamwita Patron, alinifundisha sheria moja tu: nyuzi mbili zinatosha. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Zile nyingine mbili zikate fupi, zifiche. Mteja amesimama mbele yako na anachotaka ni kuona alama ya betri ikicheza. Ikicheza anashukuru na kwenda zake. Nani atakaa kuunga nyuzi nne, na hizo mbili za habari ukizipumulia tu zinakatika?

Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikaongeza na ujuzi wangu: kabla ya kuvisha ule mpira, naizungushia shingo uzi wa cherehani mara saba au nane, nakaza, ili isicheze. Hilo nilijifunza kwa mama, ambaye alikuwa akishona vifungo vya mashati ya baba kwa namna hiyo hiyo, na shati liliweza kuchakaa lote kifungo kikabaki. Nyaya zangu zilikuwa safi kuliko za dukani. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu usafi huo ndio ulionitia matatani.

Nyumbani kwangu Kanombe tunaishi watatu, mimi, baba yangu na binti yangu. Mume wangu aliondoka zamani na habari zake si za hapa. Sebuleni kuna soketi moja inayofaa; ya pili hutoa cheche, nimeiziba kwa gundi ya karatasi. Vitu vya kulisha ni vingi: simu zetu, redio ya mzee, tochi. Basi nikaokota vichwa vilivyobaki karakana, nikaunda waya mmoja wenye vichwa vinne, kila kimoja cha aina yake, kila mtu achague kinachomwingia. Mzee alipouona unaning'inia ukutani alicheka mpaka akakohoa.

"Hii iko kiwele," akasema. "Ona, iko na chuchu nne."

Tangu siku hiyo haukuitwa waya tena. Kiwele kiko na nafasi? Nani ametoa simu yangu kwenye kiwele? Na kweli kilikuwa na tabia za kiwele. Ukiweka ndama mmoja anashiba haraka. Ukiweka wanne, umeme ni ule ule mmoja unaotoka kwenye chaja, wanagawana, kila mmoja anapata kidogo kidogo na tochi inanyonya tangu asubuhi haijai. Kilikuwa cha umeme mtupu, bila shaka. Nyuzi mbili kila chuchu.

Baba alikuwa dereva wa malori. Alitulea Bujumbura, na Kiswahili chetu cha nyumbani tulikuja nacho kutoka kule pamoja na masufuria. Lakini alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakikuhitaji Kiswahili: kusifu ng'ombe. Kwetu ndoa haina ladha bila hilo. Upande wa mvulana unaleta ng'ombe, na upande wa msichana anatoka mzee mwenye fimbo kwenda kuwaona. Akirudi anasimama mbele ya watu na kuwasifu kwa Kinyarwanda kilichonyooka, mistari inayokimbia bila kupumua, pembe zao, mwendo wao, ukoo wao, mito waliyovuka. Siku hizi ng'ombe mwenyewe pengine ni mmoja tu, amefungwa kwenye maegesho ya ukumbi kati ya gari na gari, anashangaa. Mzee alimsifu kama kundi la mfalme. Mistari ilikuwa yake, aliitunga mwenyewe miaka mingi nyuma ya usukani, na tangu nimjue hajawahi kumiliki hata ndama. Majirani walimwalika kwenye harusi za watoto wao, na mama alikuwa akimsindikiza, amekaa nyuma yake na mkoba wake mapajani, amenyamaza kimya.

Mama alifariki, na baba akahamia kwangu. Mwaka uliofuata akapata kiharusi kidogo. Ninasema kidogo kwa sababu daktari alisema hivyo. Mguu ulirudi, mkono ulirudi, kula anakula. Kilichoondoka ni maneno. Kijiko kikawa "ile kitu", Jumapili ikawa "ile siku". Alijua anachotaka kusema na alijua hakiji, na hilo ndilo lilikuwa linaniuma, kumwona akisubiri kama mtu aliyebisha hodi na anasikia watu ndani.

Binti yangu anafanya kazi Masoro, kwenye kiwanda cha nguo, anakagua mishono. Alipochumbiwa, kabla hata hajaniambia mimi rangi ya mishanana, yale mavazi ya harusi, ya wasimamizi wake, alienda kupiga magoti mbele ya babu yake.

"Sogokuru, ng'ombe zangu utazisifu weye. Sitaki mtu mwingine."

Mzee alimshika mashavu kwa mikono yake miwili. "Yego," akasema. "Ni mimi."

Asubuhi iliyofuata nilimsikia uani, amesimama na mwiko wa ugali mkononi badala ya fimbo, anazisifu shuka nilizoanika. Mwanzo ulitoka vizuri, mpaka mimi mwenyewe nikaacha kuosha vyombo. Kisha akafika mahali akasimama. Akarudi mwanzo. Akasimama pale pale. Mara ya nne alijipiga paja kwa ule mwiko, na si kwa mzaha. Nilitoka nikijifanya naangalia kama nguo zimekauka.

"Iko ndani," akaniambia huku anajigusa kifua. "Naijua iko ndani. Mlango ndiyo siipati."

"Itakuja, Papa. Bado wiki nyingi."

"Haiji." Akaelekeza mwiko ndani ya nyumba. "Mama yako alirekodi. Ile siku ya... ya kule. Iko mu simu."

Simu aliyoisema ilikuwa ya mama. Baada ya mazishi aliichukua yeye na kutembea nayo kila mahali, hata kwenye baa ya maziwa iliyo chini ya nyumba yetu, na huko ndiko ilikomfia. Aliinama kuokota kofia, simu ikatoka mfuko wa shati ikaingia kwenye kikombe cha maziwa ya mgando, kikombe kikubwa, cha nusu lita. Maji yangekauka. Mgando unaingia kwenye kila tundu na kukaa humo kama umepanga chumba. Nilisafisha nilivyoweza. Kioo kilirudi, lakini spika haikutoa sauti tena, tundu la kusikilizia masikioni liliziba, na zile njia za kutuma vitu hewani zote zilikufa. Kadi ya kumbukumbu haikuwa nayo. Mwenzangu wa karakana anayefungua simu alisema spika ya aina ile haipatikani tena, na kwamba akiifungua huenda asiweze kuifunga. Mzee hakutaka ifunguliwe. Aliendelea kuitundika kwenye kiwele kila siku, ijae, ingawa haikuwa na kazi yoyote. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Tuliiwasha. Rekodi ilikuwepo, tuliiona kwa macho, dakika kumi na saba. Ukiigusa, ule mstari mdogo unatembea kutoka kushoto kwenda kulia na husikii kitu. Mzee aliitazama ikitembea mpaka mwisho, dakika zote kumi na saba, huku midomo inachezacheza.

"Usijali, Papa," nikamwambia. "Hii ndiyo kazi yangu. Tutaitoa kwa waya."

Jumamosi binti yangu aliazima kompyuta ya mwenzake na kuja nayo. Kiwele nilikijua, sikukisumbua. Nikatoa sandukuni waya wenyewe wa simu ile, uliokuja nayo, mweusi, mzuri, shingo imara. Tukachomeka. Alama ya betri ikacheza. Kompyuta haikuona kitu. Tukatoa, tukarudisha, tukazima, tukawasha. Nikaenda kwa jirani, akanipa waya wake wa vichwa vitatu alioununua njiani. Simu ikala umeme, kompyuta ikanyamaza. Nikashuka dukani nikanunua mwingine, mpya, kwenye mfuko wake wa nailoni. Ikala, ikanyamaza. Nyaya tatu, jibu moja. Nilijiona daktari aliyeshapima mara tatu. Mgando, nikasema, umefika mpaka kwenye mlango wa habari. Umeme unaingia lakini sauti haina pa kutokea.

Nilimwambia baba mwenyewe, nikiwa nimechuchumaa mbele ya kiti chake. Nilitumia maneno makubwa ya ufundi, na sasa nikikumbuka natamani kujifinya.

"Imekufa, Papa. Sauti haiwezi kutoka."

"Yote?"

"Yote."

Alinipigapiga begani, eti yeye ndiye ananifariji mimi. "Ihangane, mwanangu. Umefanya." Kisha akamwita binti yangu akamwambia atafute kijana wa kukodi, wapo wengi wanaojua, wana sauti nzuri na nguo nzuri, yeye atakaa tu na kupiga makofi. Binti yangu akasema hataki. Mzee akasema, "Sogokuru akisimama akasahau, watu watacheka harusi yako, hawatacheka mimi," na hapo msichana akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Siku zilizofuata sikusikia mtu uani. Mwiko ulikaa jikoni. Hakushuka kwenye baa ya maziwa. Na jambo lililonitisha zaidi, siku moja nilitoka kazini nikakuta chuchu moja ya kiwele inaning'inia tupu. Alikuwa ameitoa simu ya mama, ameifunga kwenye leso, ameiweka kwenye droo chini ya rozari. Niliuona mwanya ule kwenye waya nikatamani kupiga kelele. Mama alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, lakini mzee alikuwa anamzika wiki ile, na mimi ndiye niliyempa cheti cha kifo.

Jumamosi nyingine, karakana, akaja mwalimu mmoja wa kike ambaye nilikuwa nimemtengenezea waya siku chache nyuma. Alikuja na hasira za adabu, zile mbaya.

"Fundi, hii waya yako inakula umeme sawa, lakini picha za wanafunzi hazipiti ku kompyuta. Mbele, hujaigusa, zilikuwa zinapita."

Nami, bila kuinua macho, bila hata kuacha kuchuna waya uliokuwa mkononi, nikamjibu vile ninavyowajibu wote kwa miaka kumi na moja sasa.

"Mama, umeme unapita? Basi waya iko mzima. Simu yako ndiyo iko na shida."

Nikajisikia. Sijui niseme nini zaidi ya hapo: nilijisikia nikisema, kama mtu mwingine amenisemea sikioni. Kwa sababu waya ule ulikuwa mkononi mwangu wiki ile, na nyuzi zake za kijani na nyeupe nilizikata mimi, nikazitupa mimi chini ya meza, ambako zilikuwa bado zimelala na za wengine mamia, kama nyasi. Simu ya yule mwalimu haikuwa na shida yoyote. Ni watu wangapi niliowaambia hivyo? Mitaa yote imejaa nyaya zangu, nzuri, imara, zinazolisha na zisizosema.

Nilimwomba radhi yule mwalimu, nikamtengenezea upya, nyuzi nne, huku Patron ananikohoa nyuma kuonyesha kwamba watu wamepanga foleni. Nilikuwa nafikiria sanduku langu nyumbani. Waya wa simu ya mama, mweusi, mzuri, shingo imara. Imara mno. Waya wa miaka ile ulipata wapi shingo kama hiyo?

Niliomba ruhusa, nikapanda pikipiki mpaka Kanombe, nikaenda moja kwa moja sandukuni bila kuvua kofia ngumu ya abiria; dereva alinifuata mpaka mlangoni kuidai. Nikakaa kitandani na ule waya. Nikaupasua mpira kwa wembe. Chini yake, uzi wa cherehani, umezungushwa mara nane, umekazwa. Uzi wangu. Niliutengeneza mwenyewe, mama akiwa hai, pengine akiwa amesimama pembeni ananisubiri, na kwa kuwa kazi ilikuwa safi nikasahau kwamba niliwahi kuugusa. Hata mama sikumuungia nyuzi nne. Nilimpa mbili kama wateja wengine, na akanishukuru.

Nililia kidogo, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia kufanya kazi. Ule wa jirani na ule wa dukani nikazipasua pia, nijue: nyuzi mbili ndani yake tangu kiwandani. Kumbe si Patron peke yake duniani. Nikakaa mezani karibu na dirisha, mchana mweupe, nikatoa pasi ya kulehemu. Nyekundu kwa nyekundu. Nyeusi kwa nyeusi. Halafu zile mbili nyembamba, nimeshikilia pumzi, ndege inapita juu ya paa kuelekea uwanjani na meza inatetemeka, nikasubiri ipite. Kijani kwa kijani. Nyeupe kwa nyeupe. Ilinichukua karibu saa nzima, kazi ambayo kwa kawaida naifanya kwa dakika tano. Sikumwambia mzee chochote. Nilikuwa nimeshamwambia vya kutosha.

Jumapili, tulipotoka misa, kompyuta ilikuwa mezani tena. Nikamwomba baba simu. Alisita, akaenda kwenye droo, akafungua leso. Ilikuwa imezimika kabisa kwa kukosa kula siku zile. Nikaichomeka kwenye waya wangu mpya, na kwa dakika kadhaa hatukuona kitu, kioo cheusi, nyuso zetu tatu zimeinama juu yake. Nilimwomba Mungu mambo ambayo sina haki ya kuyaomba. Kisha ikawaka. Kisha kompyuta ikatoa kale kasauti kake kadogo, ka kukaribisha mgeni.

"Mama!" binti yangu akapiga kelele. "Imeiona!"

Tulinakili kwanza, mara mbili, kabla ya kugusa kitu kingine. Mzee alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama yuko kwa mpiga picha. Nikamwambia kosa lilikuwa langu na si la simu, nikaanza kueleza nyuzi, akanikatiza kwa mkono. "Fungua," akasema.

Kelele za ukumbi zikatoka, viti, watu, mtoto analia. Halafu sauti ya mwanamume, kwa mbali kidogo, kali, inakimbia. Baba akainamisha kichwa kusikiliza.

"Huyu anajua," akasema.

"Ni weye, Papa."

"Ni mimi?" Akasikiliza tena, akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. "Disi, maskini. Nilikuwa najua."

Mistari ikaenda mpaka pale, mahali pale pale alipokuwa anakwama uani kwangu, ng'ombe wamefika mtoni. Na kwenye rekodi pia akakwama. Mtu ambaye sote tulidhani hakuwahi kusahau hata neno, akasimama mbele ya ukumbi, kimya. Ndipo ikaja sauti nyingine. Haikuwa ya mbali. Simu ilikuwa mkobani kwa mama, mapajani mwake, na kwa hiyo mnong'ono wake ulitoka kwenye kompyuta mkubwa kuliko sauti ya mumewe na ya ukumbi mzima, hapo hapo mezani petu, na pumzi yake, na kile kikohozi chake kidogo cha kuanzia. Alimpa mstari. Kwa Kiswahili ni kama kusema: wa mbele ameshatia mguu majini, msiogope. Kule mbali baba akaudaka, akaendelea, watu wakapiga makofi.

Kusifu ng'ombe kwetu ni kazi ya wanaume. Siku hizi wapo wasichana wachache wanaothubutu, na wazee wanawaangalia kwa pembeni, lakini mama alikuwa mwanamke wa zamani. Na kumbe miaka yote ile, amekaa nyuma na mkoba wake, alikuwa ameibeba yote kichwani, mstari kwa mstari, asije mumewe akaaibika. Hakutuambia. Baba naye hakutuambia, na nilipomtazama niliona kwamba hata hakukumbuka, kwamba ule mnong'ono anaupata upya pamoja na sisi. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kelele na hakuyafuta. Binti yangu alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimeshika shingo ya waya, naogopa kuiachia, ingawa rekodi ilikuwa imeshahamia kwenye kompyuta na hakukuwa na haja.

"Rudisha," baba akasema. "Pale. Pa mama yako."

Tangu siku hiyo ikawa shule. Nilimhamishia rekodi kwenye simu yake, na kila asubuhi alitoka uani na mwiko, simu inaongea kwenye kigogo cha kufulia, yeye anaifuata. Wiki ya kwanza alikuwa nyuma ya ile sauti kwa hatua nzima. Wiki ya tatu walikuwa sambamba. Majirani walianza kusimama kwenye ua. Alirudi kwenye baa ya maziwa, akawasifia hata kikombe. Mimi nilikuwa nikisikiliza nikiwa jikoni, na bila kukusudia mistari ikaniingia yote, vile wimbo wa redio unavyokuingia. Karakana nikaanza kuunga nyuzi nne kwa kila mteja. Patron alisema nitamfilisi. Nikamwambia anifukuze, na hajanifukuza.

Siku ya harusi mzee alivaa suti yake ya kijivu na shuka nyeupe ya heshima begani. Ng'ombe alikuwa kwenye maegesho, mwekundu, mwenye pembe za kuridhisha. Baba alitoka kwenda kumwona, akakaa naye muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akarudi na fimbo, taratibu, mpaka katikati ya ukumbi. Mimi nilikaa nyuma yake, mstari wa kwanza wa wanawake. Binti yangu alikuwa hajatolewa bado nje. Nilijua yuko nyuma ya pazia anasikiliza.

Alianza, na ukumbi ukatulia. Pembe, mwendo, ukoo. Kijiko bado kilikuwa "ile kitu" asubuhi hiyo hiyo wakati wa chai, lakini hapa neno lilivuta neno. Ng'ombe wakashuka mlima, wakakata bonde, wakafika mtoni. Na baba akanyamaza.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mwanamume mmoja wa upande wa pili akatazama chini kwa huruma. Mimi nilikuwa najua kwamba hajasahau, kwa sababu uso niliouona kwa ubavu ulikuwa umetulia, na sikio lake limeelekea nyuma kidogo. Ndipo nikaelewa. Wiki zote zile uani hakuwahi kuusema mstari ule kwa kinywa chake. Alikuwa akifika pale ananyamaza na simu inamjibu. Kimya kile kwake hakikuwa kosa, kilikuwa zamu ya mkewe, na sasa alikuwa amesimama mbele ya watu mia mbili, hana haraka, anamsubiri aseme.

Simu ilikuwa nyumbani. Wanawake wa upande wetu wote walikuwa wameangalia mikono yao. Nilijikohoza kidogo, nikainuka, na kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia nikasema kwamba wa mbele ameshatia mguu majini, msiogope.

Baba hakugeuka. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia alichokuwa anakingoja, akaendelea kuwavusha.